Bei ya bunduki Kabongo: nani anaipanga?

Tangu Goma ianguke mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili, watu wa majimbo yetu wanafuata habari za vita kwa kutaja miji: wamefika wapi, wametoka wapi. Iko habari nyingine inayotembea polepole nyuma ya ile ya miji, nayo ni ya bunduki zenyewe. Jeshi linaporudi nyuma kwa haraka haliondoki na kila kitu. Sanduku la risasi ni zito. Ghala halina miguu. Na askari aliyevua nguo za kijeshi ili apite kati ya raia anaona bunduki yake kuwa mzigo unaoweza kumponza.

Uvira waliona hayo kwa macho. Askari wa FARDC waliokuwa wanatoka Bukavu walipofika huko katika mwezi wa pili 2025, Wazalendo walitaka wawaachie silaha: kama ninyi hamupigani tena, tupeni sisi. Pande zote mbili ni za serikali. Walifyatuliana risasi, na shirika la habari la Reuters lilitangaza kwamba watu wasiopungua 12 waliuawa. Siku hiyo hawakugombania mji wala madini. Waligombania bunduki.

Mtu wa Kabongo anaweza kusema: hayo ni mambo ya Kivu, sisi tuko Haut-Lomami, M23 hawako hapa. Ni kweli. Lakini bunduki haijui mpaka wa jimbo. Kalemie kuna bandari inayopokea meli na mitumbwi ya Uvira. Kutoka Kalemie reli inaenda Kabalo. Kutoka Kabalo reli nyingine inashuka mpaka Kamina, na inapita katika wilaya ya Kabongo. Ni njia ileile ya samaki, mawese na mahindi. Treni inachelewa, hilo kila mtu anajua, lakini mwisho inafika.

Katika makala haya hatutatangaza bei ya kalash kule Kabongo. Redio siyo soko la silaha. Tunachotafuta ni kingine: ni nani anayefanya bei hiyo ipande ama ishuke? Wengi wanajibu haraka: ni wafanyabiashara, watu wa magendo. Sisi tunaona hivi: mfanyabiashara anakuja nyuma, kuokota. Upande huu wa Katanga, bei ya bunduki imepangwa siku zote na majeshi na serikali, za ndani na za nje. Jeshi linabadilisha silaha, zile za zamani zinatafuta mwenyewe mpya. Jeshi linavunjika, silaha zinabaki barabarani. Serikali inaogopa adui, inagawa bunduki kwa vijana wa vijiji, halafu vita vinaisha na hakuna anayerudi kuzihesabu. Hizi njo tunaita silaha za ziada za jeshi, na zinafanana kidogo na nguo za tombola: zilitengenezwa kwa mtu mwingine, zikachakaa mikononi mwake, kisha zikaletwa kwetu kwa bei ya kutupa.

Tuanze mbali kidogo, maana mambo haya hayakuanza na kalash.

Karne ya 19, majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia baruti mdomoni na kuchukua zile za kupakia risasi nyuma. Za zamani hazikutupwa. Ziliuzwa Afrika, kupitia Zanzibar upande wa mashariki na Benguela upande wa magharibi. Msiri wa Bunkeya alijenga utawala wake kwa bunduki na baruti za namna hiyo, akizilipa kwa pembe za ndovu, kwa shaba, na kwa watu. Mwingereza Cameron alipopita nchi ya Baluba mwaka 1874 na 1875, alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara kutoka pwani, karibu na makao ya mulopwe Kasongo Kalombo. Baada ya Kasongo Kalombo kufa, watoto wa kifalme waligombania kiti, na ufalme ukagawanyika: upande mmoja Kasongo Nyembo, upande mwingine Kabongo. Katika ugomvi huo, aliye na wageni wenye bunduki alikuwa na nguvu kuliko aliye na haki.

Mwaka 1890 nchi za Ulaya zilitia sahihi mkataba wa Bruxelles. Kati ya mambo yake ilikuwa hili: Mwafrika asiletewe bunduki za kisasa, lakini zile za zamani za baruti ziliweza kuendelea kuuzwa. Bunduki ya kisasa ikawa ya serikali, baruti ikawa ya raia. Na ile ya serikali yenyewe haikuwa mpya. Askari wa Force Publique walipewa Albini, bunduki ambayo jeshi la Ubelgiji lilikuwa linaiweka pembeni ili lichukue Mauser. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg waliasi wakiwa na Albini hizohizo, na waasi walikaa miaka mingi katika nchi ya Baluba, wengine wakisaidiana na Kasongo Nyembo, wakati Kabongo alisimama na Wabelgiji. Kasongo Nyembo alikamatwa mwaka 1917 tu. Hesabu miaka: silaha chakavu zilizoletwa kwa bei rahisi ili kutawala nchi zilichukua zaidi ya miaka ishirini kuzimwa.

Mwaka 1960, Katanga ya Tshombe ilipojitenga, vijana wa Balubakat wa Jason Sendwe walipigana kwa mishale, mapanga na pupu, ile bunduki ya kienyeji inayotengenezwa kwa bomba na mbao. Pale Niemba, tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka huo, askari tisa wa Ireland waliokuwa na ONU waliuawa, na silaha kubwa ya waliowashambulia ilikuwa upinde. Wakati ule bunduki ya jeshi ilikuwa adimu kwa raia wa kaskazini ya Katanga. Ukitaka kujua bei yake, hakukuwa na bei. Haikuuzwa, ilikamatwa tu vitani.

Kilichobadilisha mambo ni miaka ya 1996 mpaka 2003. Kwanza jeshi la Mobutu lilivunjika. Askari walirudi nyuma kutoka Kivu mpaka Kinshasa, na njiani bunduki ilibadilishwa kwa chakula, kwa suruali ya raia, kwa nafasi katika gari. Kisha vita vya pili. RCD na jeshi la Rwanda walifika Manono mwaka 1999, na Pweto mwezi wa 12 mwaka 2000. Kabongo ilibaki upande wa serikali, lakini karibu na mstari wa mbele. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliona jeshi lake peke yake haliwezi, ikagawa silaha kwa vijana wa vijiji, kwa jina la vikosi vya kujilinda vya raia, FAP, na kwa makundi ya Mai-Mai. Hakuna aliyenunua. Kijana alipewa bunduki kwa kazi ya kulinda kijiji chake, na kazi hiyo, kusema ukweli, wengi waliifanya.

Wakati huohuo silaha za ziada zilikuwa zinamiminika katika eneo lote la Maziwa Makuu. Nchi za Ulaya ya mashariki zilikuwa na maghala yaliyojaa vitu vya wakati wa vita baridi, na kuziharibu kunagharimu pesa, wakati kuziuza kunaleta pesa. Shirika la Amnesty International lilitoa ripoti mwaka 2005 juu ya tani karibu 400 za risasi na zana za ziada, nyingi kutoka Albania na nyingine Serbia, zilizopelekwa Rwanda kati ya mwisho wa 2002 na katikati ya 2003. Wataalamu wanakadiria kwamba bunduki za ukoo wa AK zilizotengenezwa duniani ni kati ya milioni 70 na milioni 100, nazo hazifi. Iliyotengenezwa China wakati wa Mao bado inafyatua leo, ikipanguswa na kutiwa mafuta kidogo.

Amani ya 2003 ilikuja na karatasi, haikuja na mtu wa kukusanya. Mai-Mai walioachwa bila mshahara walianza kula kwa raia walewale waliokuwa wanawalinda. Ankoro iliungua mwezi wa 11 mwaka 2002, katika mapigano ya jeshi na Mai-Mai. Upande wa Kabongo na Malemba-Nkulu, jina la Chinja-Chinja lilitosha kuhamisha kijiji. Upande wa Mitwaba, Manono na Pweto ilikuwa Gédéon Kyungu, na watu waliita eneo hilo pembetatu ya kifo. Alijisalimisha kwa MONUC Mitwaba mwezi wa tano 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011 watu wenye silaha walipolivamia, akajisalimisha tena mwezi wa kumi 2016, akatoweka tena Lubumbashi mwezi wa tatu 2020. Kila mara aliporudi porini alikuta bunduki zinamungoja. Hakuzitengeneza yeye.

Hapa tunafika kwenye baiskeli.

Wakaaji wa kaskazini ya Katanga hawajasahau mpango wa PAREC, shirika la makanisa lililoongozwa na mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, yule aliyekuja kuwa baadaye mkubwa wa CENI. Miaka hiyo ya mwisho wa vita, PAREC ilikuja na mapatano mepesi ambayo kila mtu alielewa bila semina: leta bunduki, chukua baiskeli. Wazo lilikuwa na ndugu yake Msumbiji, ambako baraza la makanisa, pamoja na askofu Dinis Sengulane, lilianza mwaka 1995 kubadilisha silaha kwa majembe, baiskeli na cherehani, na wasanii wakatengeneza viti na sanamu kwa vyuma vya bunduki zilizokatwa.

Kuna watu wa Kinshasa na wa nje waliocheka. Baiskeli kwa kalash? Hawajui Haut-Lomami. Kinga, kama tunavyoita baiskeli huku, siyo kitu cha mchezo wa watoto. Njo lori letu. Kinga inabeba magunia ya mahindi kutoka Kabongo na Kaniama mpaka Mbuji-Mayi, mwenyewe akiisukuma siku nyingi kwa mguu, na inarudi na chumvi, sabuni na nguo. Kijana mwenye kinga anaweza kuoa. Mpango ule uligusa kitu cha kweli: uliweka bei ya bunduki katika kipimo cha maisha ya hapa, siyo katika dola. Na ulilipa palepale, mkono kwa mkono, bila kumwambia mtu «subiri orodha».

Lakini bei ya namna hiyo ina matatizo yake, na ni vizuri kuyasema kwa sababu mipango mipya inazaliwa kila siku.

La kwanza liko wazi. Mtu mwenye bunduki mbili, moja nzima na moja mbovu, ataleta ipi? Ukilipa sawa kwa zote, utakusanya chuma. Ukilipa zaidi kwa nzima, umetangaza soko, na za wilaya jirani zitakuja kwako usiku kwa kinga. Baadaye PAREC ilitoa pesa taslimu, dola 100 kwa silaha kule Kinshasa, na pesa ina hatari kubwa kuliko baiskeli: inaweza kununua bunduki nyingine. Mpango wa serikali wa wakati huo, wa CONADER, ulimpa mpiganaji aliyerudi uraiani dola 110 za kuanzia na dola 25 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Aliyekuja na silaha alipokelewa kwa urahisi kuliko aliyekuja mikono mitupu, basi bunduki ikawa tiketi, na tiketi ina bei.

La pili ni jirani, nalo ni kubwa zaidi. Tuangalie Uganda, maana wenzetu wa Karamoja walipita njia hii mbele yetu. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, askari wake walikimbia kambi ya Moroto, na Wakaramoja wakaingia ghalani wakabeba bunduki kwa maelfu. Watu waliokuwa wanalinda ng'ombe kwa mikuki wakawa na silaha za kivita katika wiki chache. Bei ikaanguka, na haikuanguka Uganda tu. Ng'ambo ya mpaka, Kolowa nchini Kenya, bunduki iliyouzwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986 ilikuwa imeshuka mpaka ng'ombe wanne ama watano miaka ishirini baadaye. Ghala moja lililoachwa wazi lilitosha kupanga bei ya nchi mbili kwa kizazi kizima.

Mwishoni mwa 2001 serikali ya Uganda iliwaomba Wakaramoja warudishe silaha kwa hiari, na ikatoa majembe ya ng'ombe na mabati. Bunduki karibu elfu kumi zilikusanywa. Kisha jeshi lililoahidi kuwalinda halikutosha, na waliotoa bunduki wakavamiwa na majirani ambao hawakutoa. Ng'ombe wakaenda. Walionyang'anywa walifanya nini? Walinunua tena. Mwaka 2006 serikali ilirudi kwa nguvu, kwa kuzingira vijiji, na raia waliteseka sana. Ukisoma habari hiyo ukiwa Kabongo, unasikia kama inasimuliwa juu yako: mtu hatoi bunduki kwa sababu baiskeli ni nzuri. Anaitoa siku ambayo anaamini kijiji cha ng'ambo pia kimetoa.

La tatu ni hesabu. Tufanye mfano mwepesi, wa kufikiri tu. Watu wawili wenye kalash moja wanaweka kizuizi njiani. Wanasimamisha kinga 20 kwa siku, franka 1,000 kila moja. Ni franka 20,000 kwa siku. Kwa kiwango cha mwanzo wa mwaka 2025, dola moja ikiwa franka 2,800 hivi, ni dola saba. Dola 100 za mpango wa kurudisha silaha wanazipata kwa wiki mbili, na bunduki bado ni yao. Vizuizi hivi siyo hadithi: mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu 798 katika Kivu mbili peke yake, vya jeshi na vya makundi. Kwa hiyo bei ya kweli ya bunduki siyo ile mtu anayolipa kuinunua. Ni ile inayomletea kila mwezi. Ondoa kizuizi, na bunduki inakuwa chuma cha kuficha chini ya kitanda, kinachomletea mwenyewe hofu tu. Acha kizuizi, na hakuna baiskeli itakayotosha.

Mchumi mmoja, Phillip Killicoat, alichunguza bei za AK duniani na kutangaza kazi yake mwaka 2007. Aliona kwamba Afrika bunduki hiyo ni ya bei ya chini kuliko mabara mengine, na sababu kubwa ni mipaka yetu inayopitika. Aliona pia kwamba matumizi ya kijeshi ya nchi jirani na uwezo wa serikali kusimamia vinabadilisha bei. Hatuhitaji kuwa wachumi kuelewa: ndoo haiwezi kuchotwa ikakauka wakati bomba la jirani liko wazi.

Tuseme neno juu ya risasi, maana watu wanazisahau. Bunduki inaishi miaka hamsini, risasi inatumika mara moja. Kijana wa FAP aliyepewa kalash mwaka 1999 na akaificha, leo anaweza kuwa na bunduki nzima na risasi tatu. Bunduki ya namna hiyo inatisha njiani lakini haiwezi kupigana. Ndiyo sababu wengi wa wawindaji na wa majangili upande wa Upemba wanabaki na pupu na cartouche za kalibri 12, ambazo zinapatikana kwa urahisi zaidi. Na ndiyo sababu, vita vya Batwa na Baluba vilipowaka Tanganyika kuanzia 2013 na kuzidi 2016 na 2017, mamia ya maelfu ya watu walihama mbele ya mishale zaidi kuliko mbele ya risasi. Risasi mpya zinatoka wapi? Ripoti za wataalamu wa ONU zimerudia jambo moja miaka mingi: chanzo kikubwa cha silaha na risasi za makundi ya Kongo ni maghala na askari wa jeshi la taifa lenyewe, kwa kuuza, kwa kunyang'anywa, ama kwa kupewa na wakubwa. Mwezi wa tatu 2025 Rais Tshisekedi aliagiza mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Watu walizungumza juu ya moyo wa kupigana. Sisi tunaona pia jambo lingine: askari anayelipwa kwa wakati hana haraka ya kuuza risasi kumi ili anunue unga.

Sasa turudi kwenye hali ya leo. Mambo matatu yamekutana kwa wakati mmoja, na kila moja linasukuma bei chini.

Goma na Bukavu zilipoanguka, silaha nyingi za jeshi zilibaki nyuma. Nyingine ziko mikononi mwa M23, nyingine zilitawanyika. Kabla ya hapo, serikali ilikuwa tayari imewapa Wazalendo nafasi ya kupigana pamoja na jeshi, na sheria ya mwaka 2023 ikaunda jeshi la akiba. Ni FAP iliyorudi na jina jipya, kwa sababu ileile: adui amekaribia na jeshi halitoshi. Hatusemi kwamba kujilinda ni kosa. Wazee wa Kabongo wanaokumbuka mwaka 1999 wanajua kwa nini kijana anachukua bunduki. Wanajua pia kilichofuata mwaka 2003.

La mwisho watu wengi hawakulisikia. Tangu 2008, azimio 1807 la Baraza la Usalama lilikuwa linataka nchi inayouzia serikali ya Kongo silaha itoe habari kwanza kwa kamati ya ONU. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2022, azimio 2667 liliondoa sharti hilo. Kinshasa ilishangilia, na ilikuwa na haki: nchi iliyovamiwa haiwezi kuomba ruhusa ya kujilinda. Lakini jeshi linalopokea silaha mpya linabaki na za zamani. Zile za zamani zinaandikwa wapi? Zinakatwa, zinayeyushwa, ama zinashushwa kimya kwa makundi rafiki? Kongo ina tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo kati ya kazi zake ni kutia alama kwenye bunduki za serikali ili iliyopotea ijulikane ilitoka ghala gani. Kuna pia mkataba wa Afrika ya Kati uliopitishwa palepale Kinshasa mwaka 2010, ulioanza kufanya kazi 2017. Karatasi ziko. Kinachokosekana ni hesabu ambayo bunge la jimbo, shirika la raia na hata mwandishi wa habari wanaweza kuisoma.

Kamina ina nafasi ya pekee katika hesabu hii, kwa sababu ya kambi yake kubwa ya kijeshi. Mwaka 2014 serikali iliichagua, pamoja na Kitona na Kotakoli, kupokea wapiganaji waliotoa silaha mashariki. Kotakoli, Human Rights Watch ilitangaza, watu zaidi ya 100, wapiganaji na jamaa zao, walikufa kwa njaa na magonjwa wakingoja kusaidiwa. Habari hiyo ilifika porini haraka kuliko tangazo lolote la serikali. Mpiganaji aliyesikia kwamba mwenzake alitoa bunduki na mtoto wake akafa kwa njaa kambini, huyo umempandishia bei, na hakuna dola itakayomshawishi. Mpango wa sasa, P-DDRCS, uliozaliwa mwezi wa saba 2021, ulisema utafanya tofauti: watu warudi katika vijiji vyao, na msaada uende kwa jamii yote, siyo kwa aliyeshika bunduki peke yake. Kwa maandishi ni mawazo mazuri kuliko yaliyopita. Haut-Lomami, ambayo haina M23, ingekuwa mahali pa kuyaonyesha kabla vita havijasogea, maana mahali penye utulivu njo bunduki inatoka kwa bei ndogo.

Kitu kimoja kinaweza kuanza bila kungoja Kinshasa imalize vita. Sheria ya silaha tunayotumia ni ile ya Mobutu, namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985, na inataka kila silaha iwe na kibali. Kule Kabongo, mzee mwenye pupu ya kuwindia asiyekuwa na karatasi na kijana aliyerithi kalash ya baba yake aliyekuwa FAP wanaogopa mlango mmoja, kwa sababu ofisi ya kutangaza silaha ni ileile inayokamata na kutoza. Wote wawili wananyamaza, na serikali haiwezi kumtofautisha mwindaji na mtu wa kizuizi. Gavana na viongozi wa kimila wangeweza kuomba kwa Kinshasa muda wa msamaha, wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, uliotangazwa kwenye redio kwa Kiluba na kwa Kiswahili. Pupu iandikwe na kurudishwa kwa mwenyewe. Silaha ya kivita ipokelewe, namba yake isomwe mbele ya watu, na ikatwe hapohapo, siyo kupelekwa ghalani. Iendeshwe siku moja katika vijiji vinavyotazamana, Baluba na Batwa, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto, ili hakuna anayebaki peke yake bila kitu. Na kinga zikitolewa tena, zitolewe kwa kijiji, na vizuizi vya njia ya Mbuji-Mayi viondolewe wiki hiyohiyo, vile vya watu wenye nguo za serikali vikiwa vya kwanza.